Siki haikubali methili oranji: titresheni yangu ilivyokaa sawa

Titresheni ni kupima asidi kwa kuidondoshea besi hadi iishe. Siki ya dukani (5%), nimeizimua mara 10, mL 25 kwenye flaski, NaOH (besi) 0.1 M kwenye bureti, mrija wenye vipimo wa kudondoshea. Methili oranji, kiashiria (rangi inayogeuka kufuata pH), ilianza kugeuka mapema mno, ikawa njano kabla ya mL 7, bila mpaka wa kueleweka. Kutengeneza NaOH upya na kuongeza matone ya kiashiria hakukusaidia.

Dawa: kiashiria kingine, fenolfthaleini, matone 2. Asidi ya siki ni dhaifu. Inamalizika kwenye pH karibu 8.7, ambako fenolfthaleini hugeuka waridi, ilhali methili oranji hugeuka pH 3.1–4.4.

Ukifika mL 20 nenda tone kwa tone, karatasi nyeupe chini ya flaski. Simama kwenye waridi hafifu, ile ya kubishania, ikidumu sekunde 30. Ikififia baadaye usiongeze: ni kabonidioksaidi ya hewani. Ikikolea kama juisi ya rozela, umeshapitiliza.