Mpini wa Gongo na Kifundo cha Mkono

Tangu nyonga yangu ilipoharibika natembea kwa magongo ya kigasha, yale yenye pete inayokumbatia mkono chini kidogo ya kiwiko, na kwa muda wote huo kilichonisumbua zaidi si nyonga bali vifundo vya mikono. Usiku gumba na vidole viwili vinavyolifuata vilikuwa vikifa ganzi hadi naamka kuvikung'uta. Mwishowe niliacha kulalamika nikaanza kuchonga mipini yangu mwenyewe.

Mtu anayetembea kwa kurusha miguu yote miwili mbele hubeba karibu uzito wake wote mikononi katika kila hatua, kazi ambayo kifundo cha mkono hakikuumbiwa. Kiganja kinapokandamiza mpini, kifundo hupinda kuelekea nyuma, na hapo hubanwa ile njia nyembamba, iliyo kati ya mifupa ya kifundo na utepe mgumu unaoifunika, ambamo neva ya kati hupita pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Ganzi yangu ya usiku ilitokea humo.

Ili nijue uzito unatua wapi hasa, niliupaka mpini wa plastiki wino wa muhuri, nikatembea hatua kumi, kisha nikatazama kiganja. Mstari mmoja wenye upana wa kidole ulikikatiza kutoka penye gumba hadi kwenye nundu iliyo chini ya kidole cha mwisho. Kwingine kote kiganja kilikuwa safi. Mwili mzima ulikuwa unaegemea mstari ule.

Kosa langu la kwanza lilikuwa sponji. Nilizungushia mpini sponji nene, nikastarehe siku mbili, na siku ya tatu maumivu yakarudi, safari hii yakipanda hadi kwenye kigasha. Sponji inapobonyea, uzito hufikia bomba lile lile lililo ndani, na mkono, kwa kuwa unahisi mpini unacheza, hukaza mshiko bila mwenyewe kukusudia. Kukaza mshiko ni kuzivuta kano zote ndani ya njia ambayo tayari imebanwa. Ndiyo maana siku hizi siamini ulaini, naamini upana.

Mpini ninaoutumia sasa ni wa mbao, bapa na mpana kwa nyuma ambako kitako cha kiganja hukalia, nao hupungua unene kuelekea mbele ili vidole viufumbate bila kujilazimisha. Umbo hilo lina gharama yake: mpini wa kulia haufai kushoto. Asubuhi moja niliyachukua magongo kwa haraka, nikayabadilishana, na kabla sijafika mlangoni viganja vilikwisha niarifu. Niliuinamisha pia kwa nyuzi chache ili kifundo kinyooke, lakini nilipozidisha, mkono ulianza kuteleza nikawa najishikiza kwa vidole, yaani nikarudi kule kule kwenye kukaza.

Lazima nikiri kwamba sehemu kubwa ya nafuu haikutokana na uchongaji. Mpini unapaswa kuwa sawa na mkunjo wa kifundo wakati umesimama wima, umevaa viatu, na mikono imening'inia, ili ukiushika kiwiko kipinde kidogo tu, kama nyuzi 20 hadi 30. Magongo yangu yalikuwa juu kwa matundu mawili ya kurekebishia urefu, na hakuna aliyewahi kuyapima, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwa wenye baridi yabisi mikononi yapo magongo ya jukwaa, ambayo kigasha hulazwa juu yake na kiganja hakibebi karibu chochote. Nimeyajaribu, ni mazito na ngazi huwa shida, ila kwao hakuna mpini wa kuchonga utakaoyashinda. Magongo yenye springi hupunguza mshtuko ncha inapogusa sakafu, lakini hayabadilishi pembe ya kifundo.

Jana nilirudia jaribio la wino. Alama sasa imeenea kwenye kitako chote cha kiganja cha kushoto, ilhali cha kulia kimebaki na doa jeusi chini ya gumba, na hapo ndipo msasa utakapopita kesho.