Siku Yangu Mkutanoni, na Bei ya Mwani

Saa 11:30 alfajiri. Paje, huku Unguja, bado giza. Mama amekaa chini kwenye mkeka, tenga la mbegu za mwani liko ubavuni mwake, anafunga vishada kimoja kimoja kwenye kamba. Ni bamvua, maji yatakupwa kabisa kwenye saa 4, na anataka kushuka pwani kila kitu kikiwa tayari. Nikamwamkia.

“Huo mkutano wenyewe wa nini?”

“Wa blogu, mama. Vile zinavyoigusa jamii.”

“Wangekuja kuniuliza mimi.”

Nikanywa chai yangu na boflo, nikanyamaza. Alichokusudia nakijua, na nyinyi mtakijua saa 8.

Saa 12:15. Gari ya kwenda mjini. Kwenye msitu wa Jozani dereva akapunguza mwendo, kima punju wawili wakavuka barabara kama wenye njia yao. Utingo akawasalimia. Nilikuwa nimeomba ruhusa skuli siku moja tu, na darasa la sita nimewaachia insha.

Saa 3:00. Ukumbini, Vuga. Ratiba ilisema tunaanza 2:30, lakini mgeni rasmi alikuwa bado njiani, na mgeni rasmi wa kwetu huwa njiani mpaka saa 4. Nikapewa beji, kalamu na daftari. Jina langu wamelikosea herufi moja. Nikalirekebisha mwenyewe kwa ile kalamu yao.

Saa 4:10. Mada ya kwanza ilikuwa historia. Mtoa mada, kijana kutoka Dar es Salaam, alimtaja Ndesanjo Macha, miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili, na Michuzi aliyeanza blogu yake ya picha mwaka 2005. Akafika kwenye kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilipomtaka mwenye blogu huko Bara awe na leseni, na ada kwa jumla zikapindukia shilingi milioni 2. Hapo ukumbi uliokuwa ukisinzia ukaamka. Dada mmoja nyuma yangu akanong'ona, “Milioni mbili, na mimi naandika mapishi!” Wako waliofunga blogu zao mwaka ule na hawakurudi tena.

Saa 6:30. Sala, kisha pilau. Mazungumzo ya mezani yalikuwa posho, nayapita.

Saa 8:00. Zamu yetu, watu wanne mbele na kipaza sauti kimoja. Swali: blogu yako imeleta mabadiliko gani? Wenzangu walitaja idadi ya wasomaji. Mimi nikasimulia ya mwani.

Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu mwaka 1989, na wengi wanaokilima ni wanawake. Mnunuzi huja na mizani yake na bei yake. Nikaona, wakijua bei ya kijiji jirani hawatapunjwa, basi nikawa naandika bei kila wiki. Ikafanya kazi. Wanawake wakawa wanamwambia mnunuzi, “Mbona kwenye simu ya mwalimu bei nyengine?” Nikavimba kichwa, sikatai.

Kisha wiki moja nikaandika shilingi 700 kwa kilo. Niliambiwa na rafiki yangu wa mjini, sikumuuliza ni bei ya wapi. Kumbe ilikuwa ya mzigo uliokwisha kufikishwa ghalani, usafiri na gunia juu ya muuzaji. Mnunuzi akaja kijijini na 500. Wakamkataa, wa mbele kabisa mama yangu, maana aliyeandika ni mwanawe. Mnunuzi akageuza gari. Siku ya tatu ikapiga mvua ya usiku, na mwani ulikuwa umeanikwa nje. Mwani mkavu ukinyeshewa hupauka, ukikaa hivyo huoza. Mama alipoteza kazi ya mwezi mzima na hakuwahi kunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikamaliza kwa kusema kwamba ile habari niliifuta wiki ileile.

Bibi mmoja wa makamo kutoka Chwaka akainua mkono, na simu mkononi. “Mwalimu, si hii?”

Ilikuwa hii. Mtu aliipiga picha kabla sijaifuta, na mpaka leo inazunguka kwenye kundi lao la WhatsApp. Haina tarehe. “Juzi tu kuna mwenzetu kaileta, anauliza ndiyo bei ya mwaka huu?”

Watu wakacheka kidogo. Mwendesha mjadala akasema muda umetutupa mkono, tuende kwenye swali linalofuata. Sikulisikia hilo swali linalofuata.

Saa 10:45. Nikapita Jaws Corner kunywa kahawa. Wazee walikuwa kwenye dhumna. Kijana akaja mbio na habari kwamba boti ya jioni imevunja safari. Hata hajakaa, sauti tatu kwa pamoja: “Umeisikia kwa nani?” Kwa mpwa wake. “Na yeye kaisikia wapi?” Kijana akapiga simu pale pale. Kumbe boti ilichelewa tu. Dhumna ikaendelea. Mimi ile bei ya 700 niliiandika peke yangu chumbani, saa 5 usiku, hakuna aliyeniuliza.

Saa 2:15 usiku. Nyumbani. Mama ananiwekea chakula, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya chumvi.

“Wameniulizia?”

“Wa Chwaka wanaulizia ile bei.”

Akakaa. Nikafungua kompyuta, nikaandika upya: bei ile ilikuwa ya mjini, si ya kijijini, na aliyekosea ni mimi. Nikamsomea.

“Weka tarehe juu kabisa,” akasema. “Na nauli ya gari iandike. Na gunia, usisahau, gunia tunanunua sisi.”