Mizani ya Bucha na Propela ya Inchi 23

Juzi jioni binti yangu, ambaye siku hizi hupenda kufanyia kazi zake za fizikia karakanani kwangu kwa sababu nyumbani kuna televisheni, aliinua macho kutoka kwenye daftari, akaitazama mota ya mashine ya kusaga iliyokuwa mezani ikisubiri nyaya mpya, akauliza kama hiyo ndiyo mota yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kuzishika. Kibandiko chake kilisomeka kilowati 4, yaani hospawa tano na nusu, na vijana wawili ndio walioishusha kwenye bajaji. Nilimjibu kwamba niliwahi kushika nyingine iliyoizidi kidogo, nayo ilienea kiganjani. Hakuniamini, akarudi kwenye hesabu zake. Mimi ndiye niliyeshindwa kurudi kwenye kazi, kwa kuwa mota ile ya kiganjani ilikuwa ya Mjomba, na habari za Mjomba zikishaingia kichwani hazitoki upesi.

Ilikuwa enzi barabara ya Sakina hadi Tengeru inapanuliwa na Arusha nzima inakula vumbi. Mjomba alikuwa amekwisha kustaafu, na ndege yake ya balsa, ule mti mwepesi, ile ya kuongozwa kwa rimoti na kuchezeshwa sarakasi, yenye mita 2.2 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, ilikuwa imekwisha kukitwaa chumba cha wageni. Mpaka wakati huo ilitumia injini ya petroli ya cc 50. Siku moja akatangaza kwamba anahamia kwenye umeme, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kitaalamu: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo injini inayoitegemea hewa hiyo kuchoma petroli hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Mota ya umeme haivuti pumzi. Mkazamjomba alikuwa na maelezo mafupi zaidi, kwamba amechoka kupanda gari linalonuka petroli hadi kanisani. Mimi naamini sababu ya pili ilitangulia, kisha ya kwanza ikatafutwa ili kuipa heshima, lakini hilo sikuwahi kumwambia mtu aliyenifundisha kushika koleo.

Watu wengi huanza kwa kuchagua mota. Mjomba alianza na uzito, akafuata propela, akaja kwenye betri, na mota akaiweka mwisho, utaratibu ambao mimi, fundi wa kusuka mota hapa Unga Limited, niliupokea shingo upande. Ndege ikiwa na kila kitu ilikadiriwa kuwa na kilo 7.5. Ili isimame wima hewani, pua juu, bila kupanda wala kushuka, propela lazima ivute uzito wote huo; na ili itoke hapo na kupaa kama iliyoitwa, inatakiwa ivute mara moja na nusu hadi mara mbili yake. Kwa hiyo alikuwa anatafuta mvuto wa kilo 12 hadi 15, na hakutaka kusikia habari nyingine yoyote mpaka aone namba hizo.

Betri zilichaguliwa na mashirika ya ndege. Binti yake aliyekuwa akiishi Ujerumani alikuwa anakuja Krismasi, na kanuni za betri za lithiamu ni kwamba zile za akiba zisizozidi wati-saa 100 hubebwa bila kuombewa ruhusa, za kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika na haziruhusiwi kuzidi mbili kwa abiria, na zote hukaa kwenye mzigo wa mkononi. Betri ya seli sita ina volti 22.2, ukiizidisha kwa ampia-saa 5 unapata wati-saa 111, ambazo zinaombeka. Mjomba alikuwa anatamani za ampia-saa 8, lakini hizo zinavuka 170, na binti yake alimweleza kwa adabu kwamba hayuko tayari kuzuiliwa uwanjani kwa ajili ya mchezo wa mtu wa umri wake. Zikaja mbili za ampia-saa 5, zikashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) salama. Zikifungwa kwa kufuatana zinatoa volti 44.4, na zikijaa hufika 50.4.

Mota ndiyo iliyotugombanisha, ingawa si mimi na yeye. Kijana mmoja jirani yake wa Njiro, anayejua mambo mengi ya rimoti, alimshauri achukue yenye mizunguko 280 kwa kila volti, kwa hoja kwamba namba kubwa ni nguvu kubwa. Hapo fundi wa Unga Limited alipata nafasi ya kusema. Namba ile hueleza mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo, na kinachoibadilisha zaidi kwa mota za ukubwa mmoja ni idadi ya mizunguko ya waya wa shaba kwenye meno yake: mizunguko michache ya waya mnene huleta mbio, na mizunguko mingi huleta mota ya polepole inayovuta vizuri kwa ampia chache. Ukiifunga propela ile ile kwenye mota ya mbio, inadai nguvu kwa namna ya kutisha, kwa sababu mwendo wa propela ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka mara nane. Kijana alisema hesabu hizo ni za vitabuni. Mjomba akaagiza yenye 195.

Siku ya kupima tuliifanyia kazi uani kwake, chini ya mwarobaini. Ndege ilikaa kwenye magurudumu yake, mkia ukiwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kati ya kamba na shina tuliweka mizani ya kuning'iniza yenye uso wa saa, tuliyoazima kwenye bucha ya njia panda baada ya Mjomba kuahidi kununua utumbo kilo mbili. Mizani ile ikilazwa mshale wake haukai kwenye sifuri, na Mjomba alitumia muda mrefu kuurekebisha kwa bisibisi huku damu iliyokauka ikimbandukia vidoleni. Klampu mita yangu ya karakanani haikufaa, kwa kuwa ilikuwa ya umeme wa AC tu, ule wa majumbani unaogeuka-geuka, na kwenye waya wa betri, ambao umeme wake hauGeuki, ingeonyesha sifuri hata waya ukiwa unaungua. Tukatumia mita yake ndogo ya wati, inayofungwa katikati ya betri na kidhibiti cha mwendo.

Alinipa mimi kazi ya kuunganisha betri. Kwa volti 50 plagi ya kawaida hutoa cheche inayolamba shaba, kwa sababu kapasita za kidhibiti, vijisehemu vinavyohifadhi chaji, hujaa ghafla. Yake ilikuwa na rezista ndani, ya kupunguza kasi ya umeme huo, hivyo nilisukuma nusu ya kwanza, nikasubiri, kisha nikamalizia, pakawa kimya isipokuwa milio myembamba ya kidhibiti kuhesabu seli. "Mjomba," akasema, maana hivyo ndivyo tunavyoitana, yeye kwangu na mimi kwake, "simama nyuma ya propela, usisimame pembeni yake." Akaisukuma fimbo ya rimoti kidogo. Upepo ukaenda mbele badala ya kuja kwetu nyuma, ndege ikarudi hatua moja na kamba ikalegea. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Yeye alianza kutafuta kitabu cha maelekezo. Mimi nilichomoa betri, nikabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu zinazoingia kwenye mota, kama ninavyofanya kila siku kwa mota za visima za fezi tatu, nikafunga. Ni mchango wangu pekee ambao hajawahi kuupinga.

Mara ya pili kamba ilikaza hadi ikatoa sauti. Tulikuwa tumeanza na propela ya inchi 22 kwa 10, namba ya kwanza ikiwa kipenyo na ya pili umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama skrubu. Alifungua nguvu zote kwa muda ambao mtu anaweza kubana pumzi bila kujisumbua, na katika muda huo majani ya mwarobaini yalitumwagikia, kuku wakapita chini ya lango, na beseni la mkazamjomba lililokuwa limeegemezwa ukutani likaondoka kwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nikisoma mshale uliokuwa unatetemeka juu kidogo ya kilo 12. Mita ya wati ilisema ampia 78. Volti, zilizokuwa 50.4 mwanzoni, zilikuwa zimeshuka hadi 45 na kitu.

"Soma tena," akasema.

"Kumi na mbili na robo, Mjomba."

Alicheka kwa namna ninayoikumbuka mpaka leo. Katalogi ilikuwa imemwahidi ampia 90 kwa propela ile, na zile 12 ambazo hazikuonekana ndizo zilizokuwa hewa ya Arusha. Mota haikuwa imedhoofika hata kidogo, bali propela ilikuwa imekosa kitu cha kushika. Dawa yake ni ndogo kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa mzigo hupanda haraka mno kipenyo kikiongezeka: inchi moja tu karibu inatosha kurudisha kile ambacho mwinuko umechukua. Tukafunga ya inchi 23. Ampia zikapanda hadi 92, mshale ukakaribia 14. Akataka kuona ya 24 pia, nayo ikatupa karibu 15 kwa ampia 100, na baada ya kuzima nikaweka kidole kwenye gamba la mota nikakiondoa mara moja.

Mimi nilisema 24, kwa kuwa kilo 15 ndizo alizokuwa anazitafuta tangu mwanzo, na kidhibiti kilikuwa cha ampia 160. Yeye alisema 23, kwa kuwa hewa nyepesi pia hupoza kidogo, na ncha ya propela ya 24 ingebakiza nafasi ya vidole viwili tu kutoka ardhini kwenye majani. Ndege ilikuwa yake. Utumbo tuliugawana.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga alikuwa nacho, na Januari tukaenda uwanda wa upande wa Monduli, mbali na njia za ndege za Kisongo. Iliruka. Ilisimama wima mbele ya Mlima Meru, ikatoka hapo vizuri, ikatua baada ya dakika tano na nusu ikiwa imebakiza moja ya tano ya betri. Yule kijana wa Njiro alisema ingekuwa na kasi zaidi kwa 280.

Miaka iliyofuata Mjomba alirudi kwao Moshi, kilomita 80 kutoka hapa, na mita 550 hivi chini yetu, ambako hewa ni nzito zaidi kwa karibu asilimia 5. Kwa hesabu zake mwenyewe propela ya 23 huko inapaswa kula ampia nyingi kuliko uani Njiro, na mota itoke na joto zaidi. Ananipigia simu kunieleza kwamba inatoka na uvuguvugu tu, na kwamba hiyo inathibitisha alichagua sawasawa. Mimi humwambia kwamba betri zake zimezeeka, kwamba betri iliyochoka hupoteza volti nyingi zaidi mzigo ukija, kwamba volti zikishuka propela huzunguka taratibu na ampia hupungua, na kwa hiyo hakuna anayejua kama mota inaokolewa na hekima yake au na uzee wa betri. Nimemshauri anunue mpya, tupime upya, na safari hii tuanze na ya 22. Amesema betri zake hazijachoka, kilichochoka ni masikio yangu, na kama nina hamu ya kupima niende Moshi na mizani yangu, kwa sababu bucha wa huko hamwamini mtu.