Fomu ina mistari mitatu tu

Ijumaa jioni. Wafanyakazi wameshaondoka na askari wa lango amekuja mara mbili kuuliza kama Madam anafunga au bado. Bado. Mbele yangu kuna fomu ya makabidhiano ya mkuu wa chuo, maana mwezi wa Desemba natimiza miaka 60, na kustaafu hakuna mjadala. Kurasa za mali nimezijaza bila taabu: cherehani 34, mashine 6 za kuchomelea vyuma (moja mbovu), gari moja la mazoezi lisilo na injini. Nimekwama ukurasa wa mwisho. "Mafanikio makuu katika kipindi cha uongozi wako." Mistari mitatu.

Mimi sikuja kuongoza, nilikuja kushona. Mwaka wa 1991 nilichukuliwa na poli moja, chuo cha ufundi cha kijijini, upande wa Njoro, nifundishe ushonaji. Mshahara ulitegemea kama shule za jirani zimetuagiza sare. Januari tulikula vizuri. Ikifika Agosti nakopa unga dukani. Nikakaa miaka saba, nikaenda Gigiri, Kenya Technical Teachers College, kuchukua diploma, nikarudi Nakuru mjini. Mkufunzi, mkuu wa idara, naibu. Ilikuwa miaka ya kazi, basi, sina hadithi yake.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la poli, na kaunti zilipoanza kazi 2013 tukaamka tuna mwajiri mpya. Baadaye tukapewa na jina jipya, chuo cha mafunzo ya ufundi, likaandikwa vizuri kwenye bango. Mtaani tungali "poli". Mzazi anaingia ofisini akimvuta kijana kwa mkono wa sweta: "Madam, huyu masomo yamemshinda, nimekuletea." Anamleta mtoto kama mtu aliyebeba redio iliyoharibika. Zamani nilikuwa nanyamaza. Siku hizi namuuliza, kwa heshima zote, stima ya nyumbani kwake ilifungwa na nani. Na choo kikiziba Jumapili, atampigia simu yule aliyepata A?

Nikizungumzia choo.

Ofisi ya mkuu nilipewa 2014. Siku ya tatu au ya nne nilizunguka karakana moja baada ya nyingine. Kwenye ya kuchomelea vyuma kulikuwa na wasichana wawili katikati ya wavulana arobaini hivi. Jua la Februari, mabati juu, moto chini, na kila mvulana ana chupa yake ya maji. Mmoja wa wale wasichana midomo imemkauka hadi imepasuka. Nikamuuliza mbona hanywi maji na joto lote hili. Akatazama chini, akasema, "Nikinywa, Madam, itabidi niombe ufunguo."

Choo cha upande wa karakana kilikuwa kimoja, cha wanaume, bila mlango wa maana. Msichana akibanwa alivuka uwanja mzima na ovaroli yake, akapita mbele ya madarasa ya magari, wale vijana wakipiga mluzi, akafika kwa sekretari kuomba ufunguo wa choo cha wakufunzi. Sekretari akiwa ametoka, anarudi. Kwa hiyo wasichana wetu walikuwa wanachomelea vyuma kutwa nzima na kiu yao. Mimi nilikuwa naibu hapo hapo miaka minne na sikujua. Ufunguo wa choo kile nilikuwa nao mfukoni.

Tulijenga kile cha wasichana kwa mikono yetu. Wanafunzi wa uashi walipandisha ukuta, wa mabomba wakaleta maji, na komeo wakalitengeneza wale wasichana wawili wenyewe, kipande cha nondo nene kama kidole gumba. Kwa jicho langu la fundi cherehani, mshono wake umepinda na una vinundu. Ingekuwa gauni ningewaambia wafumue. Lakini hadi leo ukilisukuma linaingia kwenye pete yake kwa mlio mmoja mzito, na hakuna mtu aliyewahi kulivunja. Uzinduzi haukuwepo. Nani atakata utepe wa choo? Muhula huu karakana ile ina wasichana 11.

Hilo naliandika mstari wa kwanza. Wacheke.

Wa pili nimeweka waliofaulu mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa sababu wataiuliza. Ningeweza kuongeza habari za kazi pia. Tangu Nakuru itangazwe jiji, tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, wakandarasi hawaishi kunipigia. Wananiambia, "Nataka vijana wanne wa stima, watano wa mabomba." Wakisema "vijana" wanamaanisha wavulana, nami hujifanya sikuelewa.

Mstari wa tatu ndio umenikalisha hapa hadi saa moja.

Mwaka wa 2016, wiki moja kabla ya mitihani, mhasibu aliniletea orodha ya wenye madeni ya karo, nami nikaitia sahihi. Watumwe nyumbani, wataleta. Wengi walileta. Mmoja wa darasa la stima, mwenye mkono mwepesi ajabu, hakurudi. Alikuwa anadaiwa Sh4,200. Mwaka uliofuata, 2017, ikaja ruzuku ya serikali, Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sijui niseme nini juu ya hesabu hiyo. Nimeipiga mara nyingi.

Yuko stejini, makanga wa matatu za Kaptembwo. Mara ya kwanza tulipokutana nilitamani nishuke. Yeye akapaza sauti gari zima likageuka, "Madam! Mpisheni mwalimu wangu akae!" Nikamnyoshea nauli, akaukunja mkono wangu na ile noti ndani yake. "Weka tu, mwalimu." Hajawahi kupokea nauli yangu tangu siku ile. Ningefurahi angenitusi. Siku nyingine nikiliona gari lake namba za mbele nangoja linalofuata, mtu mzima mimi, najificha nyuma ya kibanda cha viatu.

Fomu haina mahali pa hayo.

Na chini ya fomu kuna karatasi nyingine, ya leo mchana. Mitihani inaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Majina 61, kila moja na deni lake, na barua ya kuwatuma nyumbani imeshachapwa, kimebaki kidole changu tu. Mhasibu ana haki. Fundi wa jenereta anatudai, muuza mahindi anatudai. Amekwisha kuniambia nisimwachie matatizo yule anayekuja.

Askari amerudi mara ya tatu. Hasemi kitu, anachezesha tu funguo. Fomu nimeiacha mezani na mstari mmoja mtupu. Ile barua nimeikunja mara mbili nikaitia kwenye kibeti, bila sahihi, naenda nayo nyumbani.