Nilivyompikia mtoto wa kaka yangu Kraken

Mtoto wa kaka yangu hakutaka keki siku yake ya kuzaliwa. Alitaka Kraken, dubwana la bahari ya Norwei lenye minyiri ya kukumbatia meli nzima na kuizamisha.

Ombi kama hilo nalipenda mno, kwa hiyo tulikaa tukapanga mapishi. Askofu Erik Pontoppidan wa Bergen aliandika katika miaka ya 1750 kwamba mzingo wa mgongo wake ni kama maili moja na nusu. Basi sufuria iwe Ziwa Naivasha, na nazi zikwanguliwe Kilifi nzima! Ngisi mkubwa wa kilindini, anayedhaniwa ndiye chanzo cha hadithi hiyo, tulimkataa: nyama yake ina amonia nyingi, ni chungu.

Tukamwendea pweza, City Market. Alikuwa amegandishwa, nami nikafurahi, maana barafu hulegeza nyama, kazi ambayo Pwani hufanywa kwa kumponda. Nyumbani nilimgeuza kichwa ndani nje, nikatoa matumbo na kifuko cha wino. Kisha nikabonyeza pale minyiri inapokutana, mdomo mweusi ukachomoka, mgumu kama wa kasuku. Mtoto aliuosha, akauweka kwenye kiberiti kitupu.

Maji sikutia, wala chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, kifuniko, moto mdogo. Pweza hujitolea maji yake, na chumvi huja nayo kutoka baharini. Punde akawa mwekundu wa zambarau, minyiri ikajikunja.

"Shangazi, anapungua!"

Hupungua kweli, karibu nusu, ndiyo maana nilichagua mkubwa. Huku Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo muda wa mapishi ya Mombasa hautoshi. Nilimwacha zaidi ya saa moja, nikimchoma kwa uma penye unene, hadi uma ukazama bila kusukumwa. Tui zito nililitia mwisho, nikikoroga bila kuacha lisije likakatika.

Sikumkatakata. Dubwana huliwa likionekana! Nilimlaza mzima juu ya sinia la wali, mnyiri mmoja ukiwa umeizunguka merikebu ya karoti aliyoichonga mtoto mwenyewe. Wenzake walirudi nyuma hatua moja, kisha wakaanza kugombania minyiri. Ni minane tu, na wao walikuwa wengi zaidi, kwa hiyo ikabidi nigawe kwa kisu. Mchuzi uliobaki tuliumaliza kesho yake kwa chapati.