Mawe Mawili ya Kijani

Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka kijito kilikuwa kimeshashuka, kikaacha ukingo umekwanguliwa hadi kwenye changarawe. Nilikuwa na miaka 14. Niliinama kufunga kamba ya kiatu nikaona kitu cha kijani kimejibanza kati ya kokoto. Nikakiokota, nikakipangusa kwa shati, nikakiinua juani. Mwanga ukapita. Haukupita moja kwa moja kama kwenye kioo cha dirisha. Ulipita umelainika, kama unavyopita kwenye jani changa. Hatua chache mbele nikaona kingine. Baada ya saa moja mifuko yangu ilikuwa na mawe tisa, na kichwani mwangu lilikuwemo neno moja tu: zumaridi.

Nilikwenda mbio hadi kwa mjomba, aliyekuwa amefundisha kemia miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakucheka, wala hakuniambia nisijidanganye, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alitandaza gazeti mezani, akayasugua mawe kwa mswaki na sabuni, akayageuzageuza, kisha akayatenga mafungu mawili: matano huku, manne huku.

"Umeyatenganishaje, mjomba? Yote si ya kijani?"

"Rangi iache kwanza, mwanangu. Chuma kidogo tu, au kromu kidogo tu, kinatosha kulivika jiwe rangi ya jiwe jingine. Tuyaulize mambo mengine."

Tulianza na uzito. Aliweka bilauri ya maji juu ya mizani ya kidijitali, akairudisha mizani kwenye sifuri. Kisha akalifunga jiwe kwa uzi na kulizamisha, likaning'inia majini bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka hapo si uzito wa jiwe. Ni uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma. Ukigawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo, unajua jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Nimepima mamia ya mawe tangu siku ile, na bado napenda kuitazama namba ile ikitulia.

Jiwe la fungu la kwanza lilikuwa na gramu 43 likiwa kavu, na majini mizani ikasoma 16. Nikagawanya kwa kalamu: 2.69. Mjomba akafungua kitabu chake cha madini, akaniwekea kidole kwenye mstari wa zumaridi. Takriban 2.7.

Moyo ulinidunda hadi nikausikia masikioni. Yeye akanipa lenzi ya kukuza mara kumi, akasema, "Sasa litazame ndani. Usiharakishe."

Nilitazama muda mrefu. Mwanzoni niliona kijani tu. Kisha macho yakazoea, nikaona kiputo. Kilikuwa duara kamili, na kando yake vingine vitatu, vidogo zaidi, vimefuatana kwenye mkondo uliopinda kama asali inayomiminwa. Pale jiwe lilipomeguka, mmeguko ulikuwa umejikunja kwa mawimbi kama sehemu ya ndani ya kombe la baharini. Zumaridi huwa na nyufa na mawingu ndani yake, lakini hukua kama fuwele yenye pande sita, na mistari ya kutiririka kama ile haimo. Mjomba akachukua kokoto nyeupe ya kwatsi na kuikwaruza juu ya jiwe langu. Ikaacha mfereji. Kwatsi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo alichokianzisha Friedrich Mohs mwaka 1812. Zumaridi, yenye 7.5 hadi 8, isingekwaruzwa nayo.

"Hii ni gilasi, kioo tu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imekauka.

"Ni gilasi, lakini si ya chupa; gilasi ya chupa kwa kawaida hukaribia 2.5. Haya wafua chuma huyaita mavi ya chuma. Ni uchafu wa mawe unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Ukimwagwa na kupoa haraka, huganda ukawa gilasi. Chuma kilichobaki ndani ndicho kilichoupa kijani."

Nilidhani yamekwisha. Lakini fungu la pili lilikuwa bado linasubiri.

Jiwe la fungu hilo lilikuwa na gramu 54, na majini likasoma 17: karibu 3.18. Halikuwa na kiputo hata kimoja. Msumari wa chuma uliliacha na mkwaruzo bila shida, ila sarafu ya shaba haikuweza. Tone la siki halikulitoa povu, kwa hiyo halikuwa kalsiti, madini ya chokaa. Kilichonishangaza zaidi ni pembe iliyomeguka: ilikuwa imekatika bapa, laini kabisa, kwa umbo la pembetatu. Mjomba alifunga mapazia, akaliwashia taa ya kukagulia noti bandia, na jiwe la kijani likawaka buluu mkononi mwangu. Sijasahau mwako ule.

"Fluoriti," alisema taratibu. Mwanafizikia George Gabriel Stokes alipouita mwako wa namna hii "fluorescence" mwaka 1852, alilitoa jina hilo kwenye jiwe hili. Si kila fluoriti huwaka, lakini hili liliwaka.

Kisha mjomba akanyamaza. Aliyasogeza mawe mawili yakagusana, gilasi na fluoriti, akaniuliza kwa nini yameokotwa ukingo mmoja. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba jina la fluoriti linatokana na neno la Kilatini la kutiririka, maana kwa karne nyingi wayeyushaji madini wameitia tanurini ili uchafu uyeyuke upesi na kutiririka. Georgius Agricola, mtaalamu wa madini, aliandika juu ya mawe hayo mwaka 1530.

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Tulipandisha kijito pamoja, yeye na fimbo yake, mimi mbele, nikikagua ukingo uliobomoka. Mawe ya kijani yalizidi kuwa mengi, kisha yakaanza kuchanganyika na mapande meusi yenye matundu. Kwenye kona, chini ya mizizi iliyoachwa wazi na mafuriko, kulikuwa na safu tatu za matofali yaliyoungua, na upande wao wa ndani uling'aa kijani.

Mjomba alipiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja juu ya matofali ya tanuri.