Siamki Alfajiri Tena

Baridi ikikaribia kwisha, mimi hukaa nyumbani na chai yangu mpaka saa tano. Wenzangu wananicheka. Mvuvi gani huyo, jua liko utosini ndiyo kwanza anatafuta viatu? Wacha wacheke.

Miaka ya mwanzo nilikuwa navua wakati huu kwa mazoea ya majira ya joto. Alfajiri, giza halijatoka vizuri, niko ufukweni narusha mshipi mbali kadiri mkono unavyoruhusu. Majira ya joto mtindo huo hulipa. Wakati huu nilikuwa narudi na ndoo tupu, na vidole vilivyokufa ganzi visivyoweza hata kufungua kifungo cha koti.

Kilichonizindua ni kipimajoto. Nilikifunga kwenye kamba pamoja na chubwi, kile kipande kizito cha kuzamishia mshipi, nikakitosa kwenye mlango wa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, siku moja shwari, alfajiri. Nyuzi 5. Saa tisa alasiri nikakitosa pale pale, maji yakiwa yameanza kutoka. Nyuzi 8. Kwako wewe mwenye koti, nyuzi tatu si kitu. Samaki hana koti. Mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakiwa baridi tumbo lake husaga chakula polepole mno, basi akimbize chambo ili iweje? Maji yakipata joto kidogo, anaanza kuzungukazunguka kutafuta cha kutia mdomoni.

Bahari ina tabia ya kuchelewa. Hupoa polepole na kupata joto polepole, ndiyo maana kwa walio kaskazini mwa dunia maji mara nyingi huwa baridi kabisa Februari na Machi, wakati nchi kavu baridi yake kali imeshapita. Unatoka nje, jua zuri, unajidanganya kwamba na samaki nao wameliona. Horini ni habari nyingine. Kule ndani kuna tope jeusi, na maji yakiwa yamekupwa asubuhi tope hilo linaota jua. Bahari inarudi kulifunika, kina kifupi, inapashwa joto juu na chini. Halafu maji yale yote hutoka kupitia mlango mmoja mwembamba, yakibeba kamba wadogo na minyoo. Hapo ndipo ninaposimama.

Tatizo ni kwamba saa ya maji kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Jua la mchana na maji kutoka alasiri hukutana siku nne tano hivi, kisha unasubiri siku kama kumi. Siku za katikati huwa nafunga ndoana na kugombana na mwenye nyumba kuhusu chambo kwenye friji.

Vifaa havina mengi. Mshipi mwembamba, ndoana moja ndogo, chubwi nzito kiasi cha kutulia chini tu. Chambo ni kipande cha mnyoo wa mchangani, kisizidi urefu wa kidole gumba. Sirushi mbali. Naangalia pale maji ya mbio yanapopakana na maji yaliyotulia. Huwa kuna mstari wa povu na majani, unaonekana ukiutazama kwa utulivu. Chambo nakilaza upande wa maji yaliyotulia.

Kisha navua glavu ya mkono wa kulia. Ndiyo, kwenye baridi hiyo. Mshipi naulaza juu ya kidole cha shahada, kwa sababu gayogayo, samaki bapa alalaye chini ninayemtafuta hapa, wakati huu havuti. Ukisubiri ncha ya fimbo itikisike, utasubiri mpaka usiku. Anachofanya ni kulalia chambo. Kwenye kidole unasikia mshipi umekuwa mzito kidogo, kama umenasa jani lililoloa, halafu unalegea. Mara ya kwanza usimguse. Hesabu mpaka kumi, hata ishirini. Ukilegea tena, inua fimbo taratibu bila kunyakua. Nimepoteza samaki wengi kwa mkono wa haraka kuliko kwa ndoana mbovu.

Wengi ninaowatoa nawarudisha. Gayogayo jike aliyetoka kutaga kilindini amekonda kiasi kwamba ukimwinua dhidi ya jua unauona uti wake. Hana nyama, na ana kazi ya kujinenepesha upya.

Jambo moja silifanyi tena: kumfuata samaki topeni. Mwaka juzi nilitaka kujisogeza hatua tatu tu, nikazama mpaka magotini. Kadiri nilivyovuta mguu, tope lilivuta zaidi. Bahati maji yalikuwa yanatoka, si kuingia. Nililala kifudifudi, nikaacha kiatu kimoja mle ndani, nikatambaa kama kaa. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi takribani mara 25 ya hewa, na siku ile niliamini kila tarakimu. Sasa siendi horini peke yangu.

Ndiyo maana nilimchukua mmoja wa wale wacheka-watu. Saa nane na nusu tulikuwa tumekaa juu ya ndoo zetu, yeye akipiga miayo. Saa kumi kasorobo alikuwa ametoa watatu, mimi mmoja.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Sikusema. Ila kipimajoto changu aliondoka nacho, na mpaka leo hajakirudisha.